Kilicho Ndani ya Chuma cha Plau Yako

Ndugu mkulima, siku chache kabla ya mvua kuanza huenda ukaingia dukani kununua wembe mpya wa plau. Mwenye duka atakuwekea mbili juu ya meza. Zote mbili zimepakwa rangi nyeusi, zote zina matundu ya bolti mahali pamoja, na ukizipima kwa mkono utaona uzito wake ni sawasawa. Lakini bei ya mmoja ni karibu mara mbili ya bei ya mwingine. Utauliza sababu, naye atakujibu, "Huu ni wa chuma kigumu."

Jibu hilo halitoshi. Chupa nayo ni ngumu, hata huweza kuukwaruza msumari, lakini hakuna mtu alimaye kwa chupa. Chombo cha shamba chataka ugumu ili kisilike upesi, na chataka ustahimilivu ili kisivunjike kikigonga jiwe au kisiki. Mambo haya mawili hayapatani kwa urahisi. Ukizidisha moja, mara nyingi jingine hupungua. Watu wanaoyeyusha chuma wamefanya kazi zaidi ya miaka 200 wakitafuta namna ya kuyapatanisha, na njia yao kubwa ni kutia vitu vingine ndani ya chuma kingali majimaji. Vitu hivyo huvioni kwa macho, lakini ndivyo vinavyoamua kama wembe wako utamaliza msimu au utakuacha katikati ya shamba, ng'ombe wamesimama, kibarua amekaa chini ya mti, na mawingu yanakusanyika.

Kaboni

Chuma kitupu ni laini, chapinda upesi. Kitu cha kwanza kinachokipa nguvu ni kaboni, ndiyo ile ile iliyomo katika makaa ya jikoni. Chuma chenye kaboni kidogo huitwa pua (si pua hii ya kunusia), na mafundi wengi siku hizi huiita stili.

Kiasi chake ni kidogo mno, tena ndipo penye ajabu. Chukua kilo 1 ya chuma cha nondo au cha waya wa misumari: kaboni iliyomo ni gramu 2 hivi, au pungufu. Katika kilo 1 ya springi ya gari mna gramu 6 hivi. Katika tupa ya kunolea mna gramu 12 hivi. Basi tofauti kati ya msumari unaopindika kwa nyundo na tupa inayokata msumari huo ni gramu 10 tu katika kilo nzima, yaani kama vijiko 2 vya sukari. Lakini ukiiangusha tupa juu ya sakafu ya simiti yaweza kukatika vipande viwili, na msumari hautakatika.

Ukizidi kutia kaboni hata ifike gramu 30 au 35 katika kilo, huna pua tena. Una kile ambacho mafundi hukiita kasti. Hapo kaboni imekuwa nyingi kuliko chuma kiwezavyo kuishika, basi chuma kikipoa polepole kaboni hujitenga na kukaa ndani yake kama vipande vyembamba vyeusi, mfano wa risasi ya penseli. Kila kipande ni kama ufa mdogo uliokwisha kuwa tayari. Ndiyo sababu kasti ikipigwa huvunjika bila kupinda kwanza, na pale ilipovunjika huwa na rangi ya kijivu na chengachenga.

Msidhani basi kwamba kasti ni chuma kibaya. Huyeyuka kwa joto la digrii 1,200 za Sentigredi hivi, nayo pua hutaka karibu 1,500. Kwa hiyo kasti ni rahisi kuyeyusha na rahisi kumimina, nayo hujaza kila pembe ya kalibu. Gurudumu la mashine ya kupukuchua mahindi, mwili wa pampu ya maji, na sahani za jiko la kuni, vyote hivi vyafaa kuwa vya kasti, kwa sababu havipigwi.

Hata nyembe za plau zilifanywa kwa kasti zamani, na nyingine hufanywa hivyo hadi leo. Huko Ipswich, Uingereza, alikuwako mtu aitwaye Robert Ransome. Mwaka 1803 alipata haki ya namna mpya ya kusubu wembe wa plau. Kusubu maana yake ni kuyeyusha chuma na kukimimina katika kalibu. Ransome alifanya upande wa chini wa kalibu yake kuwa wa chuma, na upande wa juu wa mchanga. Kasti iliyogusa chuma baridi ilipoa ghafula, kaboni haikupata nafasi ya kujitenga, na upande ule ukawa mweupe na mgumu sana. Upande wa juu ulipoa taratibu ukabaki laini. Basi plau ilipokuwa ikilima, udongo ulikula upande wa juu kuliko wa chini, na wembe ukawa unajinoa wenyewe kila siku. Mimi naona hiyo ni akili kubwa kuliko mitambo mingi ya siku hizi. Hata hivyo wembe ule haukuacha kuwa kasti, na mbele ya jiwe ulivunjika kama kasti yoyote.

Kazi ya kusubu pua

Kwa nini basi vyombo vyote visisubiwe kwa pua? Sababu ni kwamba pua ina matata mengi kalibuni, na vile vitu vinavyotiwa ndani yake, kabla ya kumsaidia mkulima, humsaidia kwanza msubi mwenyewe.

Fikiri habari ya tanuru. Siku hizi kazi kubwa hufanywa kwa tanuru ya umeme, na kinachoyeyushwa mara nyingi ni vyuma vikuukuu: mabodi ya magari, reli za zamani, mabaki ya viwanda. Joto hupandishwa hadi digrii 1,600 hivi ili pua isije ikaganda njiani kabla haijaijaza kalibu. Kalibu ni ya mchanga uliogandamizwa kuzunguka mfano wa mti. Mfano huo hauna budi kuwa mkubwa kuliko kitu kinachotakiwa, maana pua ikipoa hunywea. Kwa kila mita 1, pua hupungua karibu sentimita 2. Kasti ya kijivu hupungua sentimita 1 tu.

Kunywea huko ndiko kunakoleta hasara. Sehemu nyembamba hupoa upesi, sehemu nene huchelewa, kisha ile nene hutafuta majimaji ya kujaza nafasi yake isiyapate. Hapo shimo hubaki ndani ambalo mnunuzi halioni. Kwa sababu hiyo msubi hodari huweka juu ya kalibu kisima cha akiba, yaani donge la pua linalobaki majimaji mpaka mwisho na kuilisha ile sehemu nene. Baadaye donge hilo hukatwa na kurudishwa tanurini. Msubi mvivu, au mwenye kutaka faida ya haraka, hupunguza akiba hiyo. Kasoro yake utaiona wewe mwaka unaofuata, siku chombo kitakapokatika mahali ambapo hakikustahili kukatika.

Tena kuna salfa. Salfa huingia pamoja na vyuma vikuukuu na makaa, nayo ni adui. Hushikana na chuma ikafanya kitu kinachobaki majimaji hata joto likishuka chini ya digrii 1,000, wakati ambapo pua yote imekwisha kuganda. Majimaji hayo hujipenyeza katikati ya chembe za pua kama maji katikati ya matofali yasiyokauka, na pua inaponywea huchanika ingali moto. Dawa yake ni manganizi. Manganizi hupenda salfa kuliko chuma kinavyoipenda. Huikamata na kuifanya vidonge vidogo vigumu visivyodhuru sana. Ndiyo sababu karibu kila pua duniani ina gramu 5 hadi 10 za manganizi katika kila kilo, hata ile isiyouzwa kwa jina la manganizi. Fosforasi nayo ni adui wa namna nyingine: haiipasui pua ikiwa moto, bali huifanya ikatike kama biskuti ikiwa baridi. Hiyo haina dawa nyepesi, basi wasubi wazuri hujitahidi kuiondoa, au huchagua vyuma vikuukuu visivyo nayo nyingi.

Tena kuna hewa. Pua iliyoyeyuka hubeba oksijeni, na hiyo ikikutana na kaboni hufanya mapovu. Pua isiyotulizwa huchemka kalibuni kama uji juu ya moto, ikaganda ikiwa na vishimo kama mkate. Basi kabla ya kumimina hutiwa silikoni, manganizi na alumini kidogo, ambazo huikamata oksijeni, na pua hutulia. Hata mchanga wenye unyevu huleta mapovu. Kiwanda kinachosubu wakati wa mvua bila kukausha mchanga wake hujidanganya chenyewe, tena humdanganya mkulima.

Kijana wa Sheffield

Hapa ningependa kukaa kidogo, maana habari hii ni nzuri na inafundisha jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui.

Wasubi walipoona kwamba manganizi kidogo ni dawa, walijaribu kuizidisha. Wakaona mambo mabaya. Pua yenye gramu 30, 40 au 60 za manganizi katika kilo ilikuwa dhaifu kabisa; pigo la nyundo liliivunja vipande vipande. Mtu yeyote mwenye akili za kawaida angesema, "Basi, imetosha, dawa ikizidi ni sumu." Wengi walisema hivyo.

Katika mji wa Sheffield, Uingereza, alikuwako kijana Robert Hadfield, aliyezaliwa mwaka 1858, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha kusubu pua. Alikuwa akitafuta pua ngumu ya kufanyia magurudumu ya tramu. Yeye hakuacha alipofika penye udhaifu, aliendelea kuongeza. Mwaka 1882, alipofika karibu gramu 120 au 130 za manganizi katika kilo, pamoja na gramu 12 hivi za kaboni, pua ile iligeuka. Aliipasha moto hata ikawa nyekundu inayoelekea njano, kisha akaitumbukiza majini. Pua ya kawaida yenye kaboni nyingi kiasi hicho ikifanyiwa hivyo huwa ngumu na kukatika kama kioo. Hii ilikuwa laini kiasi, ikapinda bila kukatika, na sumaku haikuishika ijapokuwa sehemu kubwa yake ni chuma.

Ajabu kubwa ilikuwa bado. Pua hiyo ilipopigwa na kupigwa, ngozi yake ikawa ngumu zaidi na zaidi, hata kupita mara mbili ya ugumu wa kwanza, lakini moyo wake ukabaki laini na mstahimilivu. Yaani kazi yenyewe ndiyo inayoinoa. Ngozi ikilika, ile iliyo chini yake hupigwa nayo ikawa ngumu. Ndiyo sababu mpaka leo pua ya Hadfield hutumika katika makutano ya reli, mahali ambapo kila gurudumu la treni hugonga likipita, na katika meno ya mashine za kusaga mawe ya barabara. Kofia za chuma za askari wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza zilifanywa kwa pua hii hii.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo pesa za wakulima hupotea. Akija mtu akikuambia, "Nunua wembe huu, ni wa manganizi, ndiyo pua ngumu kuliko zote," muulize: utapigwa na nini? Pua ya Hadfield hupata ugumu wake kwa mapigo mazito. Katika udongo wa kichanga usio na mawe hakuna mapigo. Kuna kusuguliwa tu, siku nzima, kama kusugua sufuria kwa majivu. Pua hiyo isipopigwa hulika karibu kama pua ya kawaida, nawe umelipa bei kubwa kwa nguvu isiyoamshwa. Kadhalika nyundo za mashine ya posho: punje za mahindi ni nyepesi, haziwezi kuiamsha. Pua bora ya kuvunjia mawe si lazima iwe bora ya kulimia.

Tena, mafundi wa jua kali hununua vipande vya mashine za kuvunjia mawe kwa wauzaji wa vyuma vikuukuu, wakidhani wamepata chuma kizuri cha kufulia mashoka. Jaribu kukitoboa kwa keekee: keekee itazunguka papo hapo, mahali pale pazidi kuwa pagumu, na ncha iungue. Ukikitia katika moto wa mhunzi na kukiacha kipoe polepole, kaboni hujitenga tena, na chuma kile kilichokuwa kikistahimili mawe hukatika kwa pigo moja. Kabla ya kununua, kiguse kwa sumaku. Kama haishiki, au inashika kidogo tu juu ya ngozi, kiache.

Kuifanya ngumu hata moyoni

Manganizi nyingi si njia ya plau. Njia ya plau ni nyingine, nayo yahusu maji ya mhunzi.

Kila mhunzi ajua kwamba pua yenye kaboni ya kutosha, ikipashwa moto hata iwe nyekundu na kutumbukizwa majini, huwa ngumu. Lakini kitu kikiwa kinene, ngozi hupoa ghafula ikawa ngumu, na moyo huchelewa ukabaki laini. Kwa wembe mwembamba si neno. Kwa ekseli ya trekta, au gia, au wembe mnene wa plau ya trekta, ni hatari, maana ngozi ikilika, kilichobaki hakina nguvu.

Hapo ndipo huja kromi, nikeli na molibdeni. Vitu hivi huichelewesha pua kubadilika inapopoa, na kwa sababu hiyo hata moyo unaopoa taratibu hupata nafasi ya kuwa mgumu. Kila kimoja kina tabia yake zaidi ya hiyo. Nikeli huipa pua ustahimilivu, hata katika baridi kali. Kromi huifanya isilike upesi, na ikiwa nyingi huizuia kutu: ndoo ya maziwa ile nzito ing'aayo ambayo si alumini, kwa kawaida ina kromi gramu 180 na nikeli gramu 80 katika kila kilo. (Ukiigusa kwa sumaku utaona haishiki, kama ile ya Hadfield, ingawa sababu hapa ni nikeli.) Molibdeni huzuia udhaifu unaoweza kuingia pua inapopashwa moto mara ya pili.

Ubaya wa vitu hivi ni bei. Ndiyo maana watengenezaji wa nyembe za plau siku hizi wengi hutumia boroni. Kaboni katika pua hiyo ni gramu 3 hivi kwa kilo, si nyingi, kwa hiyo haikatiki ovyo. Boroni yenyewe ni gramu 30 hivi katika tani 1 nzima ya pua. Hebu fikiri: konzi ndogo ya unga katika mzigo wa magunia 11 ya mahindi. Lakini konzi hiyo huifanya pua kuwa ngumu mpaka moyoni. Baada ya kutumbukizwa majini, wembe hupashwa tena joto dogo ili ukali wa ugumu upungue na ustahimilivu urudi. Wembe wa bei kubwa uliouona dukani huenda ukawa ni huo.

Je, wastahili bei yake? Tusidanganyane: si kila mahali. Tuseme wembe wa bei nafuu wauzwa shilingi 600 na kwako hulima ekari 4 kabla ya kwisha. Kila ekari imekugharimu shilingi 150. Tuseme ule wa boroni ni shilingi 1,100 na hulima ekari 10. Kila ekari ni shilingi 110. Hesabu hiyo ni ya mfano. Fanya yako kwa udongo wako, ukiandika tarehe ya kufunga wembe na tarehe ya kuutoa. Katika shamba jipya lenye visiki na mawe sioni sababu ya kununua wembe wa kasti hata kama wauzwa nusu bei. Katika shamba la zamani, udongo mwepesi, mawe yamekwisha kutolewa, wembe wa kasti uliosubiwa vizuri waweza kukufaa sana.

Namna ya kukitambua chuma

Huna maabara, lakini una masikio, tupa na jiwe la kunolea. Ning'iniza kipande kwa kamba ukigonge kwa chuma kingine: pua hulia kama kengele, kasti hutoa sauti iliyokufa. Sugua ukingo kwa tupa mpya: ikiteleza bila kukata, ngozi ile imefanywa ngumu, ikikata kwa urahisi, ni laini. Kwa fundi mwenye jiwe linalozunguka kwa umeme, tazama cheche. Pua ya kaboni kidogo hutoa mistari mirefu iliyonyooka. Kaboni ikizidi, mistari hupasuka kama nyota nyingi. Kasti hutoa cheche fupi zenye wekundu. Tazama ukiwa umevaa miwani ya kazi, wala usisimame mbele ya jiwe.

Na jambo moja la hatari: usipige kamwe chuma kilichofanywa kigumu kwa nyundo ngumu, kama vile kupiga nyundo juu ya nyundo au kugongomea pini ya trekta kwa kichwa cha shoka. Kipande kidogo kikiruka huenda kasi kuliko jicho liwezavyo kufumba. Weka kipande cha mti au shaba katikati.

Kabla hujampa fundi wa kuchomelea

Hapa ndipo vyombo vingi hufia. Wembe umepasuka, fundi yuko sokoni na mashine yake, dakika 10 kazi imekwisha. Kesho yake chuma kimekatika tena, si pale alipochomelea, bali kando yake kidogo. Mkulima husema fundi hajui kazi. Huenda anajua, lakini hakuuliza ni chuma gani.

Ukichomelea pua ya plau, ya springi au ya ekseli, mahali palipo kando ya mshono hupata moto mkali sana, kisha chuma baridi kilichozunguka hulinyonya joto lile ghafula. Ni sawa na kutumbukiza majini. Mahali pale huwa pagumu kama tupa, na hukatika kama tupa. Dawa ni kupasha chuma chote moto kwanza, kiasi cha digrii 200 hivi. Tone la maji likidunda na kukimbia juu yake badala ya kutulia na kuchemka, joto limefika. Rodi ziwe za namna isiyo na unyevu, na zikaushwe kabla ya kazi. Ukimaliza, fukia kipande katika majivu makavu mpaka asubuhi. Usikimwagie maji, hata kama una haraka.

Kasti yataka subira zaidi. Rodi zake ni za nikeli, ambazo ni ghali. Mshono uwe mfupi, sentimita 2 au 3, kisha ugongwegongwe polepole kwa nyundo ndogo ungali moto, usubiri, ndipo ufuate mwingine. Fundi akikuambia atachomelea kasti kwa rodi za kawaida za nondo, chukua kitu chako urudi nyumbani.

Pua ya manganizi, ile isiyoshikwa na sumaku, ni kinyume cha hizo zote. Hiyo haitaki kupashwa moto. Kadiri inavyobaki baridi ndivyo inavyosalimika. Mshono mfupi, kisha ingoje ipoe.

Wembe wa boroni unaoutia katika moto wa mhunzi ili kuuchonga upya hupoteza ule ugumu wa kiwandani. Mhunzi hana budi kuupasha tena hata uwe mwekundu wote na kuutumbukiza majini, wala asiuache motoni muda mrefu, maana moto hula kaboni ya ngozi. Kama hawezi hivyo, mwambie aunoe tu kwa jiwe bila kuutia motoni. Ndoano na pini za kukokotea trela usizichomelee kabisa. Nunua mpya, hiyo ikikatika mteremkoni, trela lenye tani 2 za mahindi halina breki ya kumngoja mtu apite.

Na chombo kikivunjika, usitupe vipande. Vifute udongo, usivigonganishe, upeleke vyote viwili kwa fundi au kwa muuzaji. Tazama mahali palipovunjika. Kama pote pang'aa, kimevunjika siku ile ile kwa pigo moja. Kama kuna vishimo laini vya mviringo ndani, kosa lilikuwa la msubi, nawe una haki ya kumrudia aliyekuuzia. Kama upande mmoja una kutu ya zamani na upande wa pili wang'aa, ufa ulikuwapo tangu msimu uliopita; basi tazama mahali pale pale katika plau ya pili kabla hujaifunga kwa ng'ombe.